Ufa Juu ya Jiko la Kushoto

Machibya aligonga bamba la mbele la boila mara tatu, akatega sikio, akasogea shubiri moja kulia na kugonga tena. Bamba zima hulia. Ukiligonga kwa nyundo ndogo linakuitikia kwa sauti ndefu, na sauti hiyo unaisikia mpaka kwenye kiwiko. Pale juu ya jiko la kushoto bamba halikulia. Lilijibu kama mtu aliyeitwa huku mdomo umejaa ugali.

"Lipo," alisema.

"Lipo nini?" Ndalahwa alikuwa amechuchumaa chini yake, kashika taa. "Wewe daktari wa masufuria, kwako kila mgonjwa ni wa kufa."

Machibya alicheka, maana walikuwa wakitaniana hivyo kwa miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa boila katika kiwanda cha Pamba Ziwa, pale ufukweni Mwanza, na Ndalahwa alikuwa msaidizi wake. Wote wawili walifundishwa na Kalasinga mmoja mkali aliyerudi kwao zamani. Wote wawili walikuwa na cheti. Wamekula sahani moja, wamezikiana wazazi, na Ndalahwa alipojenga Kiseke, Machibya ndiye aliyempigia bati la mwisho.

Boila lenyewe lilikuwa pipa la chuma refu kama basi, limelazwa ndani ya ukuta wa matofali, na majiko mawili ya moto yamepita ndani yake pande mbili. Lilikuja mwaka hamsini na moja. Mvuke wake ndio uliopika mbegu za pamba hadi zikatoa mafuta, na ndio uliowalisha watu mia moja na arobaini. Sasa lilikuwa limezimwa miezi mitatu, kwa sababu serikali ilikuwa inauza. Mwaka ule wa tisini na tano kila kilichokuwa cha umma kilikuwa kinatafutiwa mwenyewe, na mwenyewe wa Pamba Ziwa alikuwa anakuja Alhamisi. Alikuwa ametamka wazi: akiukuta mvuke, atanunua kiwanda kizima na watu wake. Akikuta chuma baridi, atanunua kiwanja tu, mitambo ataiuza kwa kilo, na mahali pale atajenga kiwanda cha minofu ya sangara kama wenzake walivyokuwa wanajenga pwani nzima.

Kwa hiyo kila mtu alikuwa anasubiri neno la Machibya. Na Machibya, Jumanne ile asubuhi, alikuwa amesikia ufa.

Hakutaka kuutangaza kwa nyundo peke yake. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na kelele za mvuke zilikuwa zimemla sikio moja. Alitaka uonekane. Njia bora, ya kupima kwa maji ya pampu, haikuwezekana, maana pampu ya kupimia ilishauzwa mwaka uliotangulia pamoja na vyuma vingine. Akafanya kama Kalasinga alivyowafundisha. Alikwangua masizi mpaka chuma kikang'aa, akapaka mafuta ya taa, akayaacha yanywewe. Akafuta mpaka pakakauka kabisa. Kisha akakoroga chaki ya unga na spiriti, akapaka juu yake kwa brashi, nyeupe pe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake hutoka pole pole na kuchora mstari kwenye chaki. Yanahitaji saa mbili hivi, na hayana upendeleo wa mtu.

"Saa saba tuje tutazame wote," alimwambia Ndalahwa. "Nitamwita meneja na Malimi."

"Nenda ukale," Ndalahwa alisema. "Mimi nitakaa hapa niangalie mtu asiparamie."

Saa saba walikuja. Nurudin, meneja, alikuja na shati lake jeupe huku amelishika lisiguse ukuta. Malimi, mchochea moto aliyekuwa pia mwakilishi wa wafanyakazi, alikuja amevaa viatu vya kazi ingawa kazi haikuwepo. Machibya alimulika taa juu ya jiko la kushoto.

Chaki ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na mstari wala doa.

"Sasa, Mzee Machibya?" Nurudin aliuliza kwa upole. "Huo ufa uko wapi?"

 Machibya alidhani ni uzee. Kwa muda mfupi kabisa aliliamini hilo, akawaza jinsi atakavyokwenda kumweleza mkewe kwamba sikio limekwisha. Kisha akasogea karibu ili akague vizuri, na pua yake ikanasa petroli. Yeye hakuwa ametumia petroli. Petroli ndiyo inayoweza kunyonya mafuta ya taa kutoka ndani ya ufa yasibaki hata tone. Akagusa chaki kwa kidole, ikamwachia ubichi. Halafu akaitazama mistari ya brashi. Mtu wa mkono wa kulia akipaka ukutani, mistari yake hulalia kulia. Hii ilikuwa imelalia kushoto, yote, kuanzia juu mpaka chini.

Katika kiwanda kile kulikuwa na fundi mmoja tu wa mashoto, naye alikuwa amesimama nyuma yake.

"Naomba nirudie," Machibya alisema.

"Hakuna muda wa kurudia, mzee wangu. Jioni hii mbele panapigwa rangi, kesho tunajaza maji." Nurudin alikuwa ameshageuka. "Hongera. Umetuokoa."

Malimi alimshika Machibya mkono kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Asante sana, baba. Mungu akulipe." Machozi yalimlenga kweli.

Alimfuata Ndalahwa mpaka kwenye bomba linalovuta maji ziwani. Magugu maji yalikuwa yamelisonga tena, na Ndalahwa alikuwa anayavuta kwa reki, haraka haraka, kama mtu aliyepangiwa kuyamaliza siku hiyo.

"Ulipaka wewe," Machibya alisema.

Ndalahwa hakukana. Walau hilo. Aliegemeza reki, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Nilipaka mimi."

"Ulifuta kwa petroli kwanza."

"Nilifuta. Mstari ulishaanza kutoka, kaka. Urefu wa kiganja."

Machibya alitamani mwenzake angekana. Angekana, pangekuwa na mahali pa kusimama. "Uliuona kwa macho yako, ukaufuta?"

"Boila hili limekuwa na ufa tangu lini, unajua? Mimi sijui, na wewe hujui. Pengine miaka kumi. Limetupikia pamba miaka yote hiyo. Lishindwe Alhamisi moja tu?"

"Linaweza kushindwa Alhamisi hiyo hiyo. Wewe umeona bamba la mbele likifumuka linavyofanya. Kalasinga alituonyesha picha. Aliyesimama mbele hazikwi, anakusanywa."

"Basi nitasimama mimi." Ndalahwa alisema hivyo bila mzaha. Pale kiwandani kulikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote: aliyelipitisha boila ndiye anayeliwasha, na anasimama mbele ya majiko mpaka mvuke ufike alama ya kazi. Hakuna mchochea moto aliyekubali kushika koleo kabla hajamwona fundi amesimama pale. "Wewe kama hutaki kusaini, nitasaini mimi. Nina cheti. Nitawasha, nitasimama. Nikifa nimekufa mimi."

"Na Malimi? Na Mayala? Wao si watakuwa na makoleo ubavuni kwako?"

"Malimi na Mayala ndio walioniomba." Ndalahwa alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wote walikuja kuniomba, Machibya. Walisema wewe utalikataa tu, unavyojulikana. Walikaa kikao Jumapili."

"Kikao wapi?"

Ndalahwa aliokota reki, akarudi kwenye magugu. "Kamuulize shemeji," alisema.

Jumapili ile Machibya alikuwa amekwenda Bujora kumjulia hali dada yake. Sasa, Jumanne jioni, alifika nyumbani kwake Igoma akiwa na swali moja tu mdomoni, na hakusubiri hata maji ya kunawa.

Dorotea, mkewe, alikuwa anachambua mchele uani. Hakuacha kuchambua.

"Walikuja watu ishirini na kitu," alisema. "Niliwapikia chai. Ulitaka niwafukuze?"

"Walikuja kunipanga mimi, nyumbani kwangu, na wewe ukawapikia chai."

"Walikuja kuokoa kazi zao. Na yako. Baba Sabina, mtoto yuko kidato cha tatu. Ukishalikataa hilo boila, hapa tutakula hayo maneno yako ya ufa?" Alipepeta ungo kwa nguvu, makapi yakaruka. "Niliwaambia mimi mwenyewe: huyu hashawishiki, msipoteze muda kumbembeleza. Mwambieni Ndalahwa."

Hapo ndipo alipouhisi usaliti wenyewe, mzima mzima. Ndalahwa alikuwa amepaka chaki, lakini brashi alikabidhiwa kutoka uani kwa Machibya, na mtu anayejua Machibya anavyolala na anavyoamka. Alikaa kwenye kigoda akatazama mikono yake. Hakuna aliyemuuliza kama bamba lina ufa au halina. Walijua lina ufa kwa sababu walijua atasema lina ufa, na hiyo iliwatosha kuanza kumzunguka.

Jumatano alimwandikia Nurudin barua kwa mkono wake, akaeleza kila kitu isipokuwa jina la Ndalahwa. Jina lilimkwama kwenye kalamu, na hilo baadaye alilijutia sana. Nurudin aliisoma amesimama, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni.

"Fundi mwenzako ameshasaini kwamba liko salama," alisema. "Kwa hiyo nina fundi mmoja anayesema lina ufa ambao hauonekani, na mwingine anayesema halina. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje? Kapumzike, mzee."

Akaenda kupumzika, kama walivyotaka. Usingizi haukuja, ila alfajiri alikuwa ameshajua la kufanya.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi aliingia getini na begi lake la vifaa. Askari wa lindo alimwamkia, "Shikamoo mzee, leo ndiyo leo," akamfungulia. Machibya alikwenda moja kwa moja kwenye boila, akafungua vali ya chini, maji yakaanza kukimbilia mtaroni kuelekea ziwani. Aliyaacha yashuke mpaka chini ya pale alipotaka kutoboa. Kisha akachomeka drili ya umeme, akaweka ncha juu ya jiko la kushoto, juu ya rangi mpya ya kijivu ambayo bado ilikuwa inanata, akaegemea kwa kifua.

Chuma kinapotobolewa kikiwa kizima, kinatoa unyuzi mmoja unaojikunja. Pale zilitoka nyuzi mbili, moja kila upande, kwa sababu ncha ilikuwa inapita katikati ya ufa. Machibya aliziona, akaziokota zikiwa bado za moto, akaziweka mfukoni. Alitoboa tundu la pili na la tatu. Yalikuwa makubwa kiasi cha kuingia kidole gumba, na hapakuwa na fundi Mwanza nzima wa kuyaziba kabla mnunuzi hajafika saa nne, achilia mbali wa kulipitisha boila lililozibwa hivyo.

Malimi ndiye aliyemkuta. Alikuwa amekuja mapema apange kuni za kuwashia, amevaa shati la kanisani. Alitazama matundu, akatazama drili.

"Mzee, umefanya nini?"

"Njoo uone." Machibya alimtolea zile nyuzi za chuma kiganjani. "Tazama, zimetoka mbili mbili. Hapa ndipo ufa ulipo, Malimi. Ulikuwa usimame hapa na koleo."

Malimi alizipiga kofi zikamwagika sakafuni. "Umetuua," alisema. "Wewe mzee, umetuua wote mia na arobaini, eti kwa ajili ya kunionea huruma mimi!"

Mnunuzi alikuja saa nne kamili, mtu mwembamba, mpole, na kalamu tatu mfukoni. Alichungulia matundu, akamuuliza Nurudin jambo moja au mawili, akapanda gari lake. Hakukasirika hata kidogo. Jumatatu yake ilijulikana kwamba amenunua kiwanja.

Machibya alifukuzwa siku ile ile kwa kuharibu mali ya umma, na jina lake likaandikwa getini kwamba asiruhusiwe kuingia. Polisi walimweka siku mbili, wakamwachia. Jela ya kweli ilikuwa mtaani. Igoma nzima ilimjua kama mtu aliyetoboa riziki za watu. Akipita, mazungumzo yanakatika. Kanisani benchi lake likawa lake peke yake. Hakuna mtu aliyemtazama akafikiri kwamba Malimi na Mayala wako hai, maana watu wote walikuwa hai, na mtu hamshukuru mwenzake kwa msiba ambao haukutokea.

Dorotea hakumwacha. Alianza kukaanga maandazi na kuyauza pale pale getini, kwa vibarua waliochukuliwa kubomoa kiwanda, na kati yao walikuwamo Ndalahwa na Malimi. Jioni moja, miezi mitatu imepita, alisema neno ambalo Machibya alilishika kwa mikono miwili.

"Kesho wanalikata boila. Bamba la mbele litakuwa wazi, kila mtu ataona. Kama lina ufa, nitakuomba radhi mbele ya watu wote. Nitapiga magoti pale pale."

"Litakuwa nao," alisema Machibya. "Twende wote."

Walikwenda. Walikuta watu wengi kuliko siku ya kazi, wamejipanga nje ya uzio wa waya, maana habari ilikuwa imetembea. Askari alimzuia Machibya hapo hapo kwenye waya, ikabidi asimame kando ya beseni la mkewe. Kutoka pale mpaka kwenye boila zilikuwa hatua kama thelathini. Ukuta wa matofali ulikuwa umeshabomolewa, na pipa lilikuwa limelala uchi juani.

Ndalahwa ndiye aliyeshika moto wa gesi. Alikata bamba la mbele kwa kuzunguka, taratibu, kwa mkono wake wa kushoto, kazi safi kama alivyofundishwa. Kipande cha juu ya jiko la kushoto kilianguka chini kwa kishindo. Akavua miwani ya giza, akakigeuza upande wa ndani, ule uliokuwa ukiguswa na maji, akachuchumaa.

Alikaa hapo muda mrefu. Machibya alimwona akipitisha kidole gumba kwenye kitu kirefu, kuanzia tundu la kwanza, kupita la pili na la tatu, na kuendelea mbali zaidi, karibu mkono mzima. Alimwona akiingiza ukucha ndani yake. Alimwona akifumba macho. Ndalahwa alikuwa anaona sasa kwamba ufa ulianzia ndani, kwamba nje walikokuwa wamepaka chaki palikuwa mwisho wake tu, na kwamba bamba lile nene lilikuwa limebakiza ngozi.

Moyo wa Machibya ulipiga kwa furaha, naam, furaha. Alimsamehe pale pale. Angemsamehe chaki, petroli, kikao na yote.

"Vipi?" Malimi aliita kutoka kwenye lori. "Lina ufa?"

Watu wote wakausogelea uzio. Dorotea alikuwa ameshasimama, mikono yake ina unga.

Ndalahwa aliinua kichwa. Alimtazama Malimi, akawatazama wale watu waliokuja kwake na kumwomba, na ambao angewasimamisha mbele ya kile kipande yeye mwenyewe. Mwisho akamtazama Machibya, moja kwa moja, kwa muda wa kutosha. Kisha akavaa miwani.

"Bamba zima!" alipaza sauti. "Halina kitu. Ni matundu yake tu."

Akawasha tena moto wa gesi. Akaupitisha juu ya kile kipande, kutoka tundu hadi tundu na kuendelea mbali zaidi, mpaka ufa wote ukayeyuka na kudondoka chini ukiwa matone mekundu, na bamba likawa vipande viwili vyenye kingo za kuungua. Wakavibeba wakavitupa kwenye lori.

Uzio mzima ukaguna. Mtu mmoja akatema mate karibu na kiatu cha Machibya.

"Umemsikia mwenzako?" Dorotea aliuliza.

"Nimemsikia."

"Una neno?"

Alikuwa nalo. Alitaka kumwambia kwamba hakuna fundi anayekata mara ya pili kipande kinachobebeka, kwamba ameona kile kidole gumba, kwamba amemwona akifumba macho. Aliyatafuta maneno hayo kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na kila alivyoyapanga yalikuwa maneno ya mzee mmoja aliyesimama mbali dhidi ya fundi aliyeshika bamba mkononi.

Dorotea alisubiri. Alisubiri kweli, hilo Machibya hakumnyima. Kisha akafunika beseni lake la maandazi, akaliinua kichwani, akavuka kwenda kuuzia upande wa pili wa geti, walikosimama wale wengine.